Umwagiliaji kwa Fedha Kidogo: Kabla ya Kutafuta Mfadhili, Pima Maji Yako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayelima bamia na matembele huko Chanika. Baada ya kunipa shikamoo alieleza kwamba ana robo eka, anamwagilia kwa keni kutoka kwenye kisima kifupi cha jirani, na anaomba nimwelekeze kwa mfadhili atakayemchimbia kisima kirefu na kumfungia pampu ya sola. Nimekwisha kumjibu mwenyewe. Hata hivyo, ujumbe wa aina hiyo hunifikia mara kwa mara, na wanaouandika ni watu wenye bidii ambao mimi na wao tunatafuta kitu kimoja, yaani shamba linalozalisha mwaka mzima bila kungoja masika wala vuli. Kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu namna sisi tulivyopata fedha, kwa sababu hatukuzipata kwa mfadhili.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa mboga Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam, jirani na Mto Mpiji. Leo tuna tanki, tuna mipira ya matone, ile yenye vitundu inayodondoshea maji kwenye mizizi, kwenye sehemu kubwa ya matuta yetu, na tuna pampu inayoendeshwa kwa jua. Kila kipande cha mfumo huo kimelipiwa na kipande kilichotangulia au na mkopo ambao tuliujua mwisho wake kabla ya kuuchukua. Ninajivunia jambo hilo na sioni sababu ya kulificha.

Ninafahamu kwamba fedha za umma za umwagiliaji zimeongezeka. Bajeti ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, ilipanda kutoka shilingi bilioni 46.5 mwaka 2021/22 hadi bilioni 361.5 mwaka 2022/23, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Lakini fedha za kiwango hicho hujenga mabwawa na skimu kubwa, na ni haki ziende huko. Mwenye matuta ya mchicha pembezoni mwa Dar es Salaam akikaa kuzisubiri, msimu utampita na mwingine utafuata. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Kilichotusukuma sisi ni mwaka 2022. Bei ya petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na sisi wakati huo tulikuwa tunavuta maji kwa pampu ya petroli ya inchi 2. Mwaka huohuo kina cha Mto Ruvu kilishuka hata DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikatangaza mgao wa maji jijini, na wakulima waliozoea kujazia kwa maji ya bomba wakabaki wanatazama matuta yakikauka. Katika mkutano wetu wengi walipendekeza tuandike barua za kuomba msaada. Mimi niliomba jambo moja litangulie: tujue kwanza tunatumia maji kiasi gani na tunapoteza kiasi gani.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Milimita 1 ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Robo eka ni takriban mita za mraba 1,000, na kwenye jua la Januari na Februari mboga za majani huhitaji takriban milimita 5 kwa siku, kwa hiyo robo eka inadai lita 5,000 kila siku. Kwa keni ya lita 10, hizo ni keni 500. Mtu akiliona hilo kwenye daftari huelewa kwa nini mgongo unamuuma, na huelewa pia ukubwa wa tanki analolihitaji badala ya kununua lile alilolipenda dukani.

Baada ya hapo tulifuata mavujo. Chini ya tanki letu la zamani palikuwa na kiungio kilichokuwa kikidondosha maji tangu siku nyingi, na pale chini palikuwa pameota majani mazuri ambayo kila mtu aliyaona na hakuna aliyeyajali. Niliweka ndoo ya lita 20 na kutazama saa ya simu. Ndoo ilijaa ndani ya dakika 10. Kwa mwendo huo, kiungio kimoja kilikuwa kikimwaga lita 2,880 kwa siku, zaidi ya nusu ya mahitaji ya robo eka, na maji yote hayo tulikuwa tumeyapandisha kwa petroli tuliyoinunua. Kukiziba kulihitaji washa mpya ya mpira na tepu nyeupe ya mafundi bomba. Hakuna mkopo duniani wenye faida kama ile washa.

Jambo la pili lilikuwa mpira wa kusukumia maji. Pampu ilikuwa ya inchi 2, lakini mpira tulioukuta pale shambani ulikuwa wa inchi 1, kwa sababu mpira mwembamba ni rahisi kununua. Watu wengi hawajui kwamba kwa kiasi kilekile cha maji, kipenyo kikiongezeka maradufu, nguvu inayopotea kwa msuguano ndani ya mpira hupungua takriban mara 30. Pampu inayosukuma kupitia mpira mwembamba hunguruma muda mrefu, hunywa petroli, na maji yanayofika ni machache. Tulibadilisha mpira, na kwa mara ya kwanza daftari la petroli likaonyesha fedha zinazobaki. Fedha hizo hazikurudi mifukoni. Ziliingia kwenye bahasha yake ndani ya sanduku la kikoba, lile lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na bahasha iliandikwa "MAJI".

Hapa ndipo palipoumiza, na bado panauma. Mwisho wa mwaka ulipofika, wakati wa kuvunja kikoba, nilipendekeza tusigawane chote, bali sehemu ya faida ibaki kwenye bahasha ile. Walio wengi walikubali. Wachache walikataa, na ni haki yao, kwa kuwa Desemba na Januari kuna sikukuu na ada za shule. Walichukua chao na kuondoka. Lakini mmoja wao alizunguka mtaa mzima akisema kwamba mweka hazina amekula hela za watu na kwamba tanki ni kisingizio. Nilikuwa nikisalimiwa nusunusu na watu niliokwenda nao sokoni miaka yote. Kilichonisaidia ni stakabadhi. Kila risiti ilikuwa imebandikwa kwenye daftari, na kila mkutano ulianza kwa kusoma kwa sauti kilichoingia na kilichotoka. Ndugu zangu mnaoshika fedha za vikundi, msitegemee kuaminiwa kwa sababu ya sura zenu au imani zenu. Andikeni, na someni mbele ya wote, hata siku ambayo kilichoingia ni shilingi elfu mbili.

Daftari hilohilo ndilo lililotufungulia milango ya mikopo, ingawa si mara moja. Katika benki moja, ambayo sitaitaja, ofisa alitazama maombi yetu na kuniuliza dhamana ya mchicha iko wapi, kisha akarudisha bahasha bila kuifungua hadi mwisho. Nilikuwa nimevaa vizuri siku hiyo, nimeandaa kila karatasi. Sijasahau. Lakini ninataka mjue kwamba hali imebadilika kuliko watu wanavyodhani. Tangu Julai 2021 Benki Kuu iliweka utaratibu wa kuzikopesha benki fedha nafuu ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, iliyoanza kazi mwaka 2015, ina mfuko wa kuwadhamini wakulima wadogo kupitia benki nyingine. Kwa hiyo ukifika dirishani usiulize tu kama wanakopesha wakulima. Uliza riba ya kilimo ni ngapi na kama mkopo huo unaweza kuingia kwenye udhamini. Ofisa akiona unajua unachouliza, na daftari lako linaonyesha mauzo ya kila tuta, mazungumzo huwa mengine.

Njia iliyotufaa zaidi ilikuwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Ulisitishwa Aprili 2023 wakati maombi yetu yakiwa yanaandaliwa, na wengi wakakata tamaa. Sisi tuliendelea kutunza kumbukumbu, na ulipofunguliwa tena mwaka 2024 karatasi zetu zilikuwa tayari. Kwa kuwa kikundi chetu ni cha mchanganyiko, sisi wanawake tuliandikisha kikundi chetu wenyewe kulingana na masharti. Kina baba wa makamo hawamo kwenye mafungu hayo matatu isipokuwa wenye ulemavu, na ninaona hilo ni pengo, kwa sababu nao wanashika jembe kama sisi. Ofisi ya maendeleo ya jamii katika kata yako ndiyo pa kuanzia. Nenda mapema, nenda na katiba ya kikundi, nenda na daftari.

Kuhusu mikopo ya kausha damu, yaani ile ya mitaani yenye riba kubwa, ninaomba kusema bila kuzunguka: usimwagilie kwa fedha hizo. Marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki, yanaanza kabla mbegu haijaota. Mchicha huchukua wiki 3 hadi 4 kufika sokoni, bamia huanza kuchumwa karibu na miezi 2, nyanya ni kama miezi 3. Mkopo wowote wa maji unaochukua ni lazima urejeshwe kwa kufuata kalenda hiyo. Sisi tulitenga matuta ya mchicha kwa ajili ya rejesho peke yake; wachuuzi walipokuja alfajiri kununua kwa tuta, fedha za matuta yale hazikuguswa na mtu.

Sasa niseme tulinunua nini, na kwa mpangilio gani, maana hapa ndipo watu wengi hupindua. Sehemu ya shamba letu ni ya kukodi, kwa hiyo tuliweka kanuni kwamba fedha kubwa iende kwenye vitu vinavyoweza kung'olewa na kuhamishwa. Mipira ya matone na chujio lake vilitangulia, kwa sababu mifereji hufikisha kwenye mizizi takriban asilimia 60 ya maji huku matone yakikaribia asilimia 90. Chujio si pambo. Maji ya Mpiji yana tope, na bila chujio vitundu huziba. Tanki likafuata. Fundi alitushauri tujenge mnara wa zege, nasi tukakataa, kwa kuwa tanki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5 na mnara wa kulibeba kwa usalama ungegharimu kuliko tanki lenyewe. Badala yake tulilikalisha kwenye ukingo wa juu wa shamba, ambapo ardhi yenyewe inatoa mteremko wa mita chache. Kila mita ya urefu hutoa sehemu ya kumi ya baa, yaani kipimo cha msukumo wa maji, na ipo mipira ya matone iliyotengenezwa kwa msukumo mdogo wa namna hiyo. Sola ilikuja mwisho, bila betri, kwa sababu tanki ndilo linalotunza kile ambacho jua limekifanya mchana.

Kisima kirefu hatujachimba. Kabla ya kuchimba kisima kirefu au kuvuta maji ya mto kwa pampu, kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na sisi tunacho cha kuvuta. Lakini kibali hakikuhakikishii utamu wa maji. Ukanda wetu wa pwani una maeneo mengi ambayo maji ya ardhini yana chumvi. Jirani yangu aliuza kiwanja ili achimbe, akamlipa mchimbaji fedha zote mwanzoni, na maji yalipotoka yalikuwa ya chumvi kiasi cha kuunguza majani. Mchimbaji alimjibu kwamba kazi yake ni kuchimba, si ladha ya maji. Yule mzee hakupata hata senti. Kwa hiyo, mdogo wangu wa Chanika na wengine wote, anzeni kwa kupima chumvi ya visima vya majirani, fanyeni upimaji wa ardhi, na kwenye mkataba gaweni malipo kwa hatua, huku sehemu ya mwisho ikilipwa baada ya maji kupimwa kiasi na chumvi mbele yenu.

Tangu tumalize, tumeweka utaratibu wa matengenezo: kila tuta linalouzwa hutoa mchango mdogo uliokubaliwa na mkutano, na mchango huo unaingia kwenye bahasha ileile, kabla mwenye tuta hajahesabiwa chake. Mipira ya matone huchakaa kwa jua na panya huitafuna, chujio hupasuka, na vali ya chini ya mpira wa kuvutia hushika mchanga kila masika. Mwezi uliopita ilishika tena. Tulinunua nyingine siku hiyohiyo kwa fedha ya bahasha, na matuta yalipata maji jioni.