Hasira za zamu ya usiku

Wauguzi wenzangu, hili naliandika kwa uchungu. Kuna usiku nilimfokea mama mmoja leba, saa kumi alfajiri, kila nikigeuka anashuka kitandani maana uchungu umemkolea, na sisi tuko wawili tu kwa wodi nzima halafu tangu jioni sijatia kitu mdomoni. Nilimwambia maneno ambayo nisingependa mdogo wangu aambiwe. Akanyamaza, akashika chuma cha kitanda, akageukia ukutani, na hakuniita tena. Mwenzangu alipopita ndo akakuta kichwa cha mtoto kishatoka. Walisalimika wote, namshukuru Mungu, ila nilielewa kitu: mgonjwa akikuogopa hata damu ikimtoka hakwambii.

Baadaye tukapata mafunzo ya kudhibiti hasira, siku mbili. Swali lililonisaidia ni hili, hasira yako inaanzia wapi mwilini? Yangu inaanzia kwenye taya, linabana kabla hata sijajua nimekasirika. Sasa likibana tu naenda kwenye sinki. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60, basi hizo sekunde nazitumia zote, viganja, katikati ya vidole, kucha, huku navuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kuliko nilivyoivuta, na hakuna atakayekuuliza unafanya nini hapo. Kama ni dharura huendi popote, unamhudumia kwanza.

Lingine, kubalianeni na mwenzako wa zamu neno moja, sisi tunasema "nishikie", ukilisikia unampokea yule mgonjwa bila maswali. Na kula jamani, hata ndizi mbili.

Ila viongozi wa wodi nao wasikie, semina peke yake haitoshi. WHO mwaka 2019 kwenye ICD-11, yaani orodha yao ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, walieleza kwamba kuchoka kule kwa kupitiliza, wanakoita burnout, kunatokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa, kwa hiyo msimwambie nesi apumue tu huku ratiba ya zamu inamuua, ipangeni upya.

Yule mama nilimfuata asubuhi ileile kabla sijatoka zamu, nikamwambia dada nisamehe kwa yale ya usiku. Akaniangalia kidogo, akasema sista nishikie mtoto basi niende bafuni. Nikampakata mpaka aliporudi.