Kabla hujanunua sabufa nyingine: maswali yenu kuhusu redio ya sebuleni

Niliandika hapa kwamba redio ndogo ya spika mbili, ikipangwa vizuri, inatosha sebule ya kawaida. Baadhi yenu mmekubali, wengine mmenibishia, na wengi mmeleta maswali. Nimeyafupisha, lakini kiini cha kila moja nimekiacha.

*Shikamoo fundi. Nimenunua redio ya mtumba kutoka Japani, ina CD na kaseti, spika zake ni za mbao. Muuzaji alinipa na transfoma. CD inapiga vizuri sana, ila upande wa FM inaishia 90, stesheni ninazozipenda hazipo. Nimeuziwa mbovu? (Kigamboni)*

Marahaba. Hukuuziwa mbovu, umeuziwa redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani. Kule FM huanzia megahezi 76 na kuishia 90, na za karibuni hufika 95. Yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo EFM ya 93.7 hapo Dar huipati, na mwenzako wa Nairobi hataipata Radio Citizen kwenye 106.7. Ni ugonjwa uleule wa magari yanayotoka huko. Kwenye gari watu hufunga kile kiboksi cha kushusha masafa. Nyumbani sikushauri, maana mara nyingi huongeza mikwaruzo.

Njia iliyo rahisi ni kuisahau FM yake kabisa. Angalia nyuma au mbele kama kuna tundu lililoandikwa AUX, LINE IN au MD. Chukua kiredio kidogo chochote chenye tundu la earphone, unganisha kwa waya, weka kiredio dirishani. Utapata stesheni zako zote, tena zikipigwa na zile spika za mbao ulizozipenda.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo hukuliuliza: umeme. Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Soma transfoma uliyopewa inatoa ngapi. Nyingi madukani zimeandikwa 110, na umeme wetu ukipanda kidogo redio inakula 115 na zaidi. Haitaungua leo, ila itakuwa inachemka kila siku. Tafuta ya 100. Soma pia nyuma ya redio inatumia wati ngapi. Ikiwa ni 50, transfoma isiwe chini ya wati 100, usikubali ile ndogo inayolingana nayo sawasawa.

Halafu chukua utepe wa gundi, funga plagi ya redio kwenye transfoma isichomoke. Redio nyingi za Japani hazifi kwa uzee. Hufa siku mgeni anapoona plagi ya miguu miwili bapa, akaichomeka kwenye ekstensheni inayokubali plagi ya aina yoyote. Ni sekunde moja tu. Mnaoletewa redio na ndugu walioko Marekani, hadhari ni hiyohiyo, ila kwao ni volti 120.

*Dukani kuna sabufa imeandikwa wati 12,000, na redio nyingine imeandikwa wati 60. Bei zinakaribiana. Mbona wengine wanatuibia? (Nakuru)*

Mwizi hapo ni yule wa wati 12,000. Soketi ya ukutani kwetu ni ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990. Kifaa cha wati 12,000 kingekata fyuzi kabla hakijaimba hata ubeti mmoja. Namba hizo kubwa huandikwa pamoja na herufi PMPO, na upimaji wake ni wa mtu anayejisifia mwendo wa gari likiporomoka mteremkoni bila breki. Namba ya kuangalia ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Kama haipo, geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma kinasema kinakula umeme kiasi gani. Kifaa kinachokula wati 45 hakiwezi kukutolea wati 300 za muziki kwa saa nzima, hata kikiandikwa kwa dhahabu.

Tena wati hazifanyi kazi kama wengi wanavyodhani. Ukiongeza mara mbili, kutoka 30 hadi 60, sikio linapata tofauti ndogo tu. Ili muziki usikike mkubwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Na ukisikiliza kwa kawaida huku mnaongea, spika zako zinatumia wati chache sana.

*Spika moja iko juu ya kabati la vyombo, nyingine juu ya friji, kwa sababu ya watoto. Sauti ni ya kubwata, maneno hayasikiki. Mume wangu anasema tuongeze sabufa. (Mama wa watoto wawili, Tabata)*

Mwambie baba watoto asubiri kwanza. Sabufa itaongeza mdundo, na nyie shida yenu ni maneno.

Spika mbili zimetengenezwa ili ukae katikati yake. Zikiwa zimeachana mita mbili, kaa umbali wa mita mbili hivi kutoka kila moja. Utaona mwimbaji anahamia katikati ya ukuta, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Hiyo ndiyo stirio, na nyumba nyingi zenye redio hazijawahi kuisikia. Ile koni ndogo ya juu, twita, iwe usawa wa sikio la mtu aliyeketi, karibu sentimita 90 hadi mita moja kutoka sakafuni. Sauti nyembamba huenda moja kwa moja kama zilivyoelekezwa. Ukiziweka juu ya friji zinaimbia dari. Na friji yenyewe inatetemeka, kwa hiyo spika inaimba na friji inaitikia.

Kwa watoto, fundi seremala akupigilie vishelfu viwili ukutani. Vikiwa juu kidogo kuliko nilivyosema, chomeka kipande cha mpira chini ya spika kwa nyuma ili ziinamie makochi. Usizibane ukutani kama zina tundu la hewa kwa nyuma, acha sentimita 20 au 30. Kona ya chumba iepuke. Kona hukuza besi mpaka inakuwa mvumo mtupu, na hapo ndipo maneno yanapozama.

Sasa chumba. Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaofuatia, ni kuta za tofali na vigae vinarudisha sauti. Nyumba zetu nyingi mpya ni hivyo, vigae chini, kuta tupu, vioo vikubwa. Tandika zulia mbele ya spika, weka mapazia mazito, makochi yawe ya kitambaa. Kabati la vitabu lisiwe na milango. Gharama yake ni ndogo kuliko sabufa na matokeo yake ni makubwa. Na vile vitambaa vya kufuma, najua vinapendeza, vivue usoni mwa spika wakati muziki unapigwa. Mvua ikinyesha juu ya bati, hapo hata mimi sina dawa.

*Tulihama nyumba. Tangu tufunge redio upya mdundo umepotea, sauti kama imetawanyika. Spika hazikuanguka. (Kisumu)*

Waya za spika moja zimegeuzwa. Kila spika ina nyekundu na nyeusi, na redio hivyohivyo. Nyekundu iende kwa nyekundu pande zote mbili. Ikigeuka upande mmoja, koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi zinauana. Geuza spika moja tu, usikilize. Mdundo ukirudi, umemaliza.

Kama rangi zimefutika, chukua betri ya redio ya volti 1.5, gusisha kwa sekunde moja kwenye ncha za waya za spika iliyochomolewa. Koni ikitoka nje, ncha iliyo kwenye upande wa jumlisha wa betri ndiyo nyekundu. Wakati wa kufunga, hakikisha hakuna unywele wa shaba uliotoka ukagusa wa pili. Unywele mmoja tu umeua amplifaya nyingi.

*Flashi yangu ya GB 64 redio haiisomi, ya zamani ya GB 8 inaisoma. (Dodoma)*

Redio nyingi husoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 tu, ile namna ya zamani ya kupanga mafaili ndani ya flashi. Za GB 64 kwenda juu mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa na namna mpya zaidi, exFAT. Kompyuta ya Windows kwa kawaida haikupi FAT32 ukizidi GB 32, kwa hiyo utahitaji programu ndogo ya pembeni, au nunua flashi ya GB 32 upumzike. Hamisha nyimbo zako kwanza, kufomati kunafuta kila kitu. Na nyimbo ziwe MP3. Zile za m4a redio nyingi huziruka kimyakimya.

*Nikitazama filamu kwa simu na sauti ikapita kwenye redio kwa Bluetooth, midomo inatangulia maneno. (Bujumbura)*

Ni kawaida ya Bluetooth, sauti hufungashwa kisha hufunguliwa, na hiyo inakula muda. Kwa muziki hujali. Kwa filamu tumia waya wa AUX.

*Hatuna umeme wa gridi, tuna sola yenye betri ya 12V ampea-saa 100 na inveta. Redio itapiga saa ngapi usiku? Na kwa nini ikipitia inveta inatoa mlio mwembamba? (Sengerema)*

Betri yako ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Kama ni ya maji au jeli, usiimalize kupita nusu, itazeeka mapema. Zinabaki 600. Redio ndogo kwa sauti ya kawaida hula kama wati 20, inveta yenyewe inakula zake hata ikikaa bure, na nyingine zinapotea kwa joto. Hesabu saa 15 na ushee, kama hakuna taa wala televisheni juu yake.

Mlio unatoka kwenye inveta. Za bei nafuu hazitoi wimbi la umeme lililo laini, hutoa la ngazingazi, na amplifaya huzisikia ngazi hizo. Ipo dawa mbili. Ya kwanza ni inveta ya wimbi safi, ghali. Ya pili, soma adapta ya redio yako. Ikiwa imeandikwa inatoa volti 12, huhitaji inveta kabisa, inaweza kulishwa kutoka kwenye betri. Lakini usiunganishe moja kwa moja, kwa sababu betri ikichajiwa hufika volti 14 na kitu. Weka katikati kile kirekebishi kidogo cha volti 12. Mlio utakwisha, na umeme utauokoa pia.

*Nina kaseti za taarabu za marehemu baba, karibu sanduku zima. Nimepata deki, lakini sauti imefifia kama inapigwa chini ya blanketi. Nyingine zina unga mweupe. (Unguja)*

Mungu amrehemu mzee. Hizo zenye unga mweupe zitenge leo hii, usizitie kwenye deki. Huo ni ukungu, na ukiingia kwenye deki utaziambukiza nzima.

Sauti kufifia mara nyingi ni uchafu kwenye kichwa cha kusomea. Fungua mlango wa kaseti, utaona kijichuma kinachong'aa katikati, na pembeni kigurudumu cha mpira mweusi. Pamba kwenye kijiti, spiriti kidogo, sugua kichwa taratibu mpaka pamba itoke nyeupe. Kigurudumu kipangushe pia. Acha kikauke kabla ya kupiga. Kama bado sauti imefunikwa kwa kaseti zote, kichwa kimeinama. Kuna skrubu ndogo kando yake, fundi huizungusha kidogo sana huku kaseti ikipiga, mpaka sauti nyembamba zifunguke. Kaseti ikienda pole au ikimezwa, ni mkanda wa mpira ndani ya deki umelegea au umeyeyuka. Mpya zinapatikana.

Kabla ya kupiga kaseti iliyolala miaka mingi, izungushe kwa kalamu kidogo uone kama utepe umegandana, kisha ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha. Zilizoandikwa 120 zishike kwa huruma, utepe wake ni mwembamba kuliko wa 60 na 90. Na ukipata inayopiga vizuri, usiipige mara ya pili bila kuinakili. Waya kutoka tundu la earphone la deki hadi kwenye kompyuta, rekodi kaseti nzima pande zote mbili bila kukata maneno ya utangulizi. Sauti za watu ukumbini ni sehemu ya rekodi.

Kwa kuwa uko pwani, chumvi na unyevu vinakula chuma. Washa deki mara kwa mara hata kama husikilizi, joto lake linakausha ndani. Kitufe cha sauti kikikwaruza, tumia dawa ya kusafishia kontakti. Tafadhali usitie mafuta ya cherehani.

*Nikichomeka king'amuzi kwenye redio kuna mvumo wa chini chini usioisha. (Mwanza)*

Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi huku kila kitu kimewashwa. Mvumo ukikoma, umeme wa ardhi unazunguka kati ya dishi, king'amuzi na redio. Anza kwa kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, kuna kifaa kidogo cha kutenganisha kinachofungwa kwenye waya wa sauti. Ushauri wa kukata mguu wa ardhi wa plagi usiufuate, anautoa mtu ambaye hatakuwepo siku utakaporushwa.

*Tunaishi nyumba ya kupanga, jirani wa ukuta mmoja ananuna kila nikiwasha muziki jioni. Na mimi sipigi juu. (Mbagala)*

Kwako si juu. Besi hupita ukutani bila kubisha hodi, na kwake hufika mdundo tu bila wimbo, jambo linalochosha zaidi kuliko muziki wenyewe. Hamisha spika kutoka ukuta mnaochangia, uziweke upande wa pili wa chumba, zikiuelekea ukuta huo kwa mbali. Sabufa iinue sakafuni, iweke juu ya kipande kizito cha godoro. Punguza besi usiku na usogee karibu na spika, utasikia vizuri kwa sauti ndogo.

Kisha mwombe jirani akukaribishe kwake. Mwanao apandishe sauti polepole, wewe ukiwa umekaa kwenye kiti cha jirani. Mahali atakaposema inatosha, tia alama kwenye kitufe kwa rangi ya kucha. Baada ya saa nne usiku, usivuke hapo.