Jirani kapunguziwa marejesho, wewe umelipa bila kukosa: je, umeonewa?

Kila SACCOS yetu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, inapofanya mkutano mkuu hapa Arusha, ikifika ajenda ya mikopo iliyopangwa upya, lazima asimame mtu aulize: "Mwenyekiti, na sisi tunaolipa bila kusumbua, tunapata nini?" Ukumbi mzima unapiga makofi. Nimekaa kwenye kamati ya mikopo, na nina mkopo wangu wa nyumba benki, kwa hiyo swali hilo nimelisikia nikiwa pande zote mbili za meza. Jibu langu ni kwamba mara nyingi hujaonewa. Aliyeonewa yupo, ila huyo hata mkutanoni hakuja.

Chukua mwaka 2020, mwaka wa janga la corona. Watalii walighairi safari, Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na hata anga lilipofunguliwa Mei 18, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, ulibaki kimya kwa muda mrefu. Asiyekaa Arusha hawezi kujua jinsi mji huu wote unavyomtegemea mgeni mmoja anayeshuka kwenye ndege: dereva, mpishi wa kambi, mpagazi, mama anayefua mashuka ya hoteli, hadi muuza mboga wa soko la Kilombero. Land Cruiser za safari zilijaa vumbi kwenye yadi, na vijana waliozoea kulipwa kwa dola wakaanza kupakia vitunguu kwenye bodaboda.

Jirani yangu wa Moshono, mwongoza watalii, alikuwa na mkopo wa nyumba kama mimi. Mei mwaka huo Benki Kuu ilitangaza hatua za kupunguza makali ya janga, na mojawapo ilikuwa kuzipa benki nafasi ya kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika sana, kwa kumtazama kila mteja na hali yake. Jirani akaandika barua, akapewa miezi mitatu bila rejesho. Mimi mwalimu wa serikali mshahara uliingia kama kawaida, na makato yakapita kama kawaida. Roho iliniuma kidogo, kwa nini nifiche.

Uchungu huo uliniisha siku alipokuja na karatasi zake. "Mwalimu, hebu nisomee hapa, mbona deni limekua na mimi nilipewa nafuu?" Tukazitandaza kwenye meza ya barazani. Riba ya miezi ile mitatu haikufutwa. Ilikuwa imeongezwa kwenye deni, na deni lenyewe likaanza kutozwa riba upya.

Namba zake ni siri yake, lakini tufanye mfano ulio karibu na hali halisi. Umebakiza deni la shilingi milioni 60, riba asilimia 17 kwa mwaka, muda uliobaki miaka 10. Rejesho lako ni kama shilingi 1,043,000 kwa mwezi. Ukisimama miezi mitatu, riba inaendelea kuhesabiwa, shilingi 850,000 mwezi wa kwanza na kuzidi kidogo inayofuata. Ukirudi unakuta deni linakaribia milioni 62.6. Likitandazwa tena kwenye miaka 10, rejesho linapanda kwa takriban shilingi 45,000 kila mwezi, na ukijumlisha hadi mwisho unakuta umelipa kama milioni 5.4 zaidi. Kwa hiyo jirani hakupewa zawadi. Alinunua muda, na aliununua ghali.

Ndiyo maana mtu akiniambia "dawa ya deni kulipa", namjibu sawa, na aliyepewa nafuu ya namna hiyo analipa kuliko wewe.

Halafu sisi watumishi tusijifanye mashujaa. Makato ya mtumishi wa umma hayatakiwi kuuacha mshahara chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mwalimu yeyote anaijua hiyo theluthi, maana ndiyo inayomkatalia mkopo wa tatu akiwa keshachukua miwili. Kanuni hiyo ni nafuu tuliyowekewa kabla hatujaanguka, na hatuiombi kwa barua. Nililipa 2020 nzima kwa sababu mwajiri wangu hafungi msimu wa mvua. Uadilifu wangu haukuwa na kazi kubwa ya kufanya.

Wamarekani waligombana sana juu ya jambo hili baada ya bei za nyumba zao kuanguka. Februari 2009 Rais Obama alikwenda Mesa, Arizona, akatangaza mpango wa dola bilioni 75 wa kuwaokoa wenye nyumba walioelemewa. Kesho yake mchambuzi wa televisheni, Rick Santelli, akiwa katikati ya wafanyabiashara wa soko la fedha la Chicago, akawauliza kwa sauti ni nani anataka kumlipia jirani mkopo wa nyumba yenye bafu la ziada. Kelele za siku ile zilichangia kuzaliwa kwa vuguvugu la Tea Party. Mpango wenyewe ulilenga kushusha rejesho hadi asilimia 31 ya kipato cha familia. Kwao karibu theluthi moja ndiyo inayokwenda kwenye nyumba, kwetu theluthi moja ndiyo inayobaki!

Hata hivyo swali la Santelli, pamoja na kejeli zake, lilikuwa na msingi kwao, kwa sababu fedha iliyotumika ilikuwa ya umma. Kabla hujakasirika, uliza kwanza gharama ya nafuu anaibeba nani. Kama anaibeba mkopaji mwenyewe kwa riba ya baadaye, kama jirani yangu, huna lako hapo. Kama benki imeamua kusamehe penati, hiyo ni hesabu yake ya biashara. (Benki haiitaki nyumba yako. Inataka marejesho. Nyumba ikifika mnadani benki imeshabeba mkopo chechefu, yaani usiolipwa, pamoja na gharama za dalali, wakili, na pengine zuio la mahakama la miaka.) Lakini kama gharama inatoka mfukoni mwako, hapo una haki ya kuuliza, na unatakiwa kuuliza kwa ukali.

Hapo ndipo SACCOS inapokuwa ngumu kuliko benki. Fedha tunayokopeshana ni akiba zetu wenyewe. Tukimpa mtu miezi sita ya kupumua kuanzia Oktoba, kuna mama atakayeomba mkopo wa ada mwezi Januari akaambiwa asubiri foleni. Anayekopeshwa muda na anayenyimwa ada wanakaa benchi moja kanisani. Wale wanaopiga makofi mkutanoni hawana roho mbaya, wanajua hesabu.

Kwa hiyo kamati yetu ilijiwekea utaratibu, na ningekushauri uudai kwenye chama chako pia. La kwanza tunalotazama ni kama kipato kimeshuka kweli, kwa karatasi na si kwa machozi. Barua ya kusimamishwa kazi, miamala ya simu, daftari la duka, chochote. La pili ni nyumba yenyewe: unaishi humo na watoto, au ni vyumba vya kupangisha Kwa Mrombo? Mwenye vyumba vinane vya kupangisha anaweza kuuza kiwanja kingine kabla hajaomba wenzake wamsubiri. Nilipingwa sana kwenye hili, mjumbe mmoja akisema deni ni deni na nyumba ni nyumba. Sikukubaliana naye na bado sikubaliani. Paa la mtu na biashara ya mtu ni vitu viwili. La tatu, ambalo kwangu ndilo zito, ni lini amekuja. Aliyekuja kabla ya kukosa rejesho la kwanza tunamsikiliza tofauti na aliyesakwa kwa simu miezi minne. Na majina ya waliopewa nafuu hatuyasomi mkutanoni, tunasoma idadi na jumla ya fedha. Mwanachama anastahili kujua fedha yake iko wapi, hastahili kujua nani analia usiku.

Sasa huyo aliyeonewa. Kwa mji huu, nyumba nyingi zinazopigwa mnada hazikununuliwa kwa mkopo wa nyumba. Watu wetu wanajenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, bati mwaka kesho. Hati inakuja kuwekwa dhamana baadaye: kwa mkopo wa duka, wa gari la Noah, wa mbegu, au wa biashara ya mtoto. Mzee mmoja wa Muriet ninayemfahamu aliweka hati yake kwa ajili ya kijana wake aliyekuwa na duka la vifaa vya kambi. Biashara ilikufa pamoja na utalii. Kijana akazima simu, mzee akaona aibu kwenda benki kwenye viyoyozi, na barua zilipokuja akaziweka chini ya godoro. Akakopa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kali, alipe rejesho moja, likamzaa deni jingine. Benki hiyo hiyo ilikuwa inapokea barua za watu wengine na kuwapangia upya. Mzee hakuandika kwa sababu hakujua kwamba inaandikwa. Nafuu inayotolewa kwa kila mtu kuomba mwenyewe inamfikia haraka anayejua kuandika barua, mwenye shemeji benki, mwenye mwalimu jirani. Mimi nikilalamikia nafuu, nalalamikia hapo.

Kama unaanza kuelemewa, nenda kabla. Ukiona mwezi ujao hutalipa, mwezi huu uwe umeshafika kwa afisa mikopo, na usiende mikono mitupu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: ulikuwa unaingiza kiasi gani, sasa unaingiza kiasi gani, kwa nini, unaweza kulipa kiasi gani kuanzia sasa, na unatarajia lini kurudi kwenye rejesho kamili. Taja kiasi. "Naomba mnifikirie" haina kiasi, na afisa hawezi kuipeleka juu. Baki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakikubali, usisaini kwa furaha. Uliza riba ya kipindi cha nafuu inakwenda wapi, rejesho jipya ni shilingi ngapi na mkopo unaisha lini, penati zilizopita zimefutwa au zimehamishwa, na taarifa yako kwenye kumbukumbu za wakopaji itasomekaje. Mara nyingi ni bora kulipa hata nusu, au riba tupu, kuliko kusimama kabisa: ukilipa riba yote deni halivimbi, na ukilipa sehemu linavimba kidogo zaidi ya hapo lakini si kama ukisimama. Mwenzi wako na mdhamini wawepo. Kwa nyumba ya familia sheria inataka ridhaa ya mwenzi wakati wa kuiweka rehani, na amani ya ndani inataka ajue pia inapopangwa upya. Afisa akikuambia mfumo hauruhusu, mwombe akuandikie hivyo.

Ukishachelewa na notisi imekuja, isome, usiifiche. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na marekebisho yake, mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya maandishi inayoeleza unachodaiwa na cha kufanya kurekebisha, na una siku 60 tangu uipokee kabla hajauza. Siku 60 zinatosha kumtafuta mnunuzi wako mwenyewe kwa kibali cha benki, au kukata kipande cha kiwanja na kukiuza. Uchungu wake ni mkubwa, lakini bei ya mnada ni uchungu zaidi. Na ikifika mnadani, sheria inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya soko, yeye ndiye wa kueleza kwamba hakukiuka wajibu huo. Watu wengi hapa wamekubali bei za ajabu kwa kudhani dalali akishagonga nyundo hakuna la kusema. Malalamiko yaanzie benki yako, kwa maandishi, na yasipotatuliwa unaweza kuyapeleka Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa hapa Arusha.

Na ninyi wa utalii, na ndugu zetu wa kahawa kule Moshi mnaopata fedha kwa msimu, ombeni nafuu yenu siku ya kusaini mkataba. Rejesho dogo Aprili na Mei, kubwa kuanzia Julai hadi Oktoba, yote yaandikwe kwenye ratiba ya malipo iliyoambatanishwa na mkataba. Benki ya kwanza ikikataa, jaribu ya pili kabla hati yako haijaondoka kabatini.