Usifike Thanjavur saa sita mchana

Mwaka juzi nilimpeleka mama Chennai, India, kwa matibabu. Waliowahi kuuguza huko wanazijua zile siku za kusubiri majibu: chumba cha kupanga, feni ya dari, wali na dengu mchana na usiku. Tulipoambiwa turudi baada ya siku nne, mama akasema yeye hakai ndani tena. Tukapanda treni ya usiku kwenda Thanjavur, kama kilomita 340 kusini, kuliona hekalu la Brihadisvara, la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, lililokamilika mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja Chola wa Kwanza.

Tukafanya uvivu. Tulikunywa chai taratibu, tukafika saa sita unusu mchana. Kumbe Shiva naye hupumzika mchana! Mlango wa ndani ulikuwa umeshafungwa, hadi saa kumi. Viatu umeviacha nje, na ua mzima ni mawe yaliyopikwa na jua tangu asubuhi. Mama, mwenye magoti mabovu, aliuvuka mbio kama binti wa miaka kumi. Basi nenda alfajiri, saa kumi na mbili, au jioni. Ukichelewa kama sisi, vaa soksi. (Pale pa kuachia viatu niliikumbuka ile methali yetu ya baniani na kiatu chake, nikaona haya.)

Kuingia ni bure, kwa hiyo watembezaji watakufuata. Wengine ni wazuri, ila mmoja atakuapia kwamba kivuli cha mnara, wenye zaidi ya mita 60, hakigusi ardhi kamwe. Nilikiona. Tena tulikikalia.

Jua lilipolegea nilisogea kwenye msingi wa mnara. Hapo usipite haraka. Mawe yamechongwa maandishi ya Kitamil, mstari chini ya mstari, kwa mwendo mrefu. Unadhani ni sala, kumbe sehemu kubwa ni daftari la mali: dhahabu na vito vilivyotolewa, nani alitoa nini, na wacheza ngoma wa hekalu wapatao 400, kila mmoja na mtaa na nyumba aliyopewa. Miaka elfu moja, na bado unajua fulani alikaa nyumba ya ngapi.

Saa kumi mlango ukafunguliwa na watu wakaanza kumiminika, nami nikaelewa tumekuja nyumbani kwa watu. Akina mama walibeba maua, watoto wametoka shule na sare zao. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Kanga ya mama ilimfaa kuliko suruali yangu. Zunguka hekalu likiwa upande wako wa kulia. Kamera iweke mfukoni kabla ya kuingia ndani, usingoje ukemewe. Na usidhani mahekalu yote yana taratibu moja: kule mji wa Madurai, kwenye hekalu la mungu wa kike Meenakshi, asiye Mhindu haruhusiwi kufika patakatifu pa ndani. Uliza kwanza.

Ndani ni giza, harufu ya kafuri na mafuta ya taa za udongo. Kuhani alipita na majivu meupe, yale ambayo waumini hujipaka kwenye paji la uso. Anayepokea hukinga mkono wa kulia, kama tunavyofundishwa kwetu. Mama ni mtu wa swala tano, nikawa na wasiwasi. Yeye akaunganisha viganja, akainamisha kichwa kidogo, akasogea pembeni. Kuhani naye akainamisha chake, akampita.

Jambo moja linaniuma. Jioni ya siku ya 13 ya kila nusu ya mwezi wao wa kalenda, fahali Nandi, kipando cha Shiva, aliyechongwa kwenye jiwe moja mbele ya hekalu, huogeshwa kwa maziwa na umati ukitazama. Wanaiita Pradosham. Sisi tulikuwa na tiketi ya kurudi usiku uleule, na shughuli ilikuwa kesho yake. Angalia kalenda kabla hujakata tiketi. Mama hadi leo ananiuliza kwa nini sikuangalia.