P yangu ni 0.03, mbona supavaiza kakataa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu saikolojia, risechi yangu ni ya simu na maksi. Niligawa dodoso kwa wanafunzi 400, 200 wanalala na simu kitandani na 200 hawalali nayo, wenye simu wastani wao 58, wenzao 60, standadi devisheni (kipimo cha maksi zinavyotawanyika kuzunguka wastani) 9 pande zote. SPSS, ile programu ya takwimu, ikatoa p 0.03 nikaandika "kuna uhakika wa asilimia 97 kuwa simu inashusha maksi". Supavaiza kapiga mstari mwekundu sentensi nzima, hajasema kwa nini. Naomba msaada.
Mwanachuo, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hata mimi ningeipiga mstari, ila angalau ningekwambia sababu.

P haikwambii uko sahihi kwa asilimia ngapi. Inauliza hivi: tuseme simu haina uhusiano wowote na maksi, je bahati tu ya nani kaingia kwenye sampuli ingeleta tofauti kubwa kama yako au zaidi mara ngapi? Kwako ni kama mara 3 katika 100, basi.

Mwanatakwimu Ronald Fisher kwenye kitabu chake cha 1935 alilieleza hili kwa chai. Kuna mama anadai akionja tu anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai. Anapewa vikombe 8, vinne vinne, vimechanganywa, avitoe vinne vya maziwa kwanza. Namna za kuchagua vinne kati ya nane ziko 70 na ya kupatia vyote ni moja tu, kwa hiyo mbahatishaji anapatia vyote mara 1 kwa 70, p ni 0.014. Akipatia vitatu? Namna hizo ziko 16, ongeza ile moja, 17 kwa 70, karibu 0.24, yaani hata asiyejua kitu anafika hapo robo ya wakati. Sasa ona, hesabu yote imeanza na "tuseme hajui", huwezi tena kuigeuza ikwambie anajua kwa asilimia ngapi.

Halafu kuna ishu ambayo wengi wanairuka, ukubwa wa tofauti wenyewe. Wewe una alama 2, gawa kwa standadi devisheni yako 9 unapata 0.22, ndiyo inaitwa d, kipimo cha ukubwa wa tofauti, na kwa vipimo vya mwanasaikolojia Jacob Cohen 0.2 ni ndogo, 0.5 ya kati, 0.8 kubwa. Ungehoji 20 tu kila upande, wastani uleule, p ingeruka hadi karibu 0.5! Simu ni zilezile, kilichobadilika ni idadi ya watu.

Andika hivi: wanaolala na simu walipata wastani pungufu kwa alama 2 (kiwango cha kujiamini cha asilimia 95: 0.2 hadi 3.8), p = 0.03, d = 0.22. Hicho kiwango kinaonyesha tofauti halisi inakadiriwa kuwa kati ya wapi na wapi. Na "inashusha" ifute kabisa, maana si wewe uliyepanga kwa kura nani alale na simu na nani asilale nayo, huenda mwenye stresi za ada ndiye anakesha na simu na ndiye huyohuyo anayefeli.