Namba 4294967297 ni tasa au siyo?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina hii namba 4294967297 nimekesha nayo wiki nzima na kalkuleta, inaishia na 7 kwa hiyo 2 na 5 haziigawi, tarakimu zake ukijumlisha unapata 59 basi na 3 haiigawi, nikaendelea kujaribu namba tasa mojamoja mpaka 599 na kila mara inaleta desimali, nikachoka. Je niseme ni tasa yaishe?

JIBU: Usiseme ndugu yangu, umeishia njiani! Ungesogea 601, 607, 613, 617, 619, 631 halafu 641, hapo ingekubali, 641 × 6700417 inakupa 4294967297 bila baki. Yaani zilibaki saba tu. Na hizo mbili zenyewe ni tasa kwa hiyo haivunjiki zaidi ya hapo. Ili useme kwa uhakika kwamba ni tasa ungetakiwa kupima mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho ni 65536 na nukta kidogo sana.

Na wala usijilaumu, maana hata Pierre de Fermat, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, namba hiihii ilimpita. Kwenye karne ya 17 aliona ukichukua 2 ukaipa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, kila mara ukaongeza 1, unapata 3, 5, 17, 257, 65537, zote tasa, akaamini ukienda hivyohivyo zitakuwa tasa milele. Kipeo kinachofuata ni 32 na jibu lake ndo hiyo yako. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaivunja. Ujanja wake ni kwamba namba tasa yoyote inayoigawa hii lazima ukiigawa kwa 64 ibaki 1, kwa hiyo huhangaiki na zote, unajaribu 193, 257, 449, 577, na ya tano tu ni 641. Wiki yako nzima ingeisha kwa dakika tano.

Ila kuna njia ya kuikamata bila hata kuijua 641 na mimi hii ndo naipenda kuliko zote. Namba tasa ikiandikika kama jumla ya namba mbili kila moja imezidishwa kwa yenyewe, basi inaandikika hivyo kwa namna moja tu, mfano 13 ni 2 × 2 jumlisha 3 × 3, hutapata nyingine utafute utakavyo. Sasa ya kwako namna ya kwanza iko wazi, 65536 × 65536 jumlisha 1 × 1. Halafu chukua kalkuleta yako tena, piga 62264 × 62264 unapata 3876805696, piga 20449 × 20449 unapata 418161601, zijumlishe uone.