Testosteroni: Maabara Mbili, Majibu Mawili

SWALI: Mimi ni mwanamke na nimeota ndevu. Maabara moja imeandika testosteroni (homoni ya kiume) nmol/L 1.9, nyingine ng/dL 90. Niamini ipi?

JIBU: Dada, vizio hivyo havifanani: 1.9 yako ni sawa na takriban ng/dL 55, hivyo tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana, ingawa ipo. Mashine nyingi hutumia kingamwili (protini za kunasa homoni), ambazo hunasa pia homoni zinazofanana na testosteroni, na kwa kuwa kiwango cha mwanamke ni kidogo mno, kosa dogo hupotosha jibu. Spektrometria ya masi, yaani kipimo kinachotambua homoni kwa uzito wa molekuli zake, huaminika zaidi, ila ni ghali. Vidonge vya bayotini (aina ya vitamini B) vya nywele na kucha, ukivimeza, mwambie daktari, kwani katika baadhi ya mashine hupandisha jibu kwa uongo. Ukirudia, nenda asubuhi.